Ali bin Ridhwan: Mtoto wa mwoka mikate aliyeiandika nyota ya mwaka 1006

Mwishoni mwa Rajab mwaka 396 Hijria, yaani mwisho wa Aprili 1006, watu wa Misri walitazama kusini baada ya magharibi wakaona nyota ambayo hata wazee wao hawakuwahi kuwahadithia. Ilikuwa kubwa na ikimetameta. Iliishinda Zuhura kwa mbali, na nuru yake ilianguka chini ikaangaza ardhi. Miongoni mwa waliosimama kuitazama alikuwemo kijana wa miaka kama 18, mwanafunzi asiye na mwalimu wa kudumu wala pesa, mtoto wa mwoka mikate kutoka Giza.

Jina lake ni Ali bin Ridhwan. Wazungu wa zama za kati walimwita Haly. Leo ukimtaja katika madrasa zetu, au hata chuoni, wachache watakujibu. Lakini wataalamu wa anga walipotaka kujua ni nini kilicholipuka mwaka ule, na mahali gani hasa, mmoja wa mashahidi waliomtegemea ni yeye. Ndugu msomaji, leo naomba tukae naye kidogo, kwa sababu maisha yake yana la kutuambia sisi watu wa Pwani, na hasa vijana wetu wanaoambiwa kwamba bila karo hakuna elimu.

Ali alizaliwa Giza mnamo mwaka 988, ng'ambo ya mto Nile ukitokea Fustat, mji mkongwe wa Misri. Baba yake alikuwa mtu wa tanuri, mwoka mikate, na nyumba haikuwa na akiba. Tunayajua haya kwa sababu mwenyewe alikuja kuandika habari za maisha yake akiwa mtu mzima wa karibu miaka 60, na mwandishi wa Sham, Ibn Abi Usaybi'a, akatuhifadhia sehemu yake katika kitabu chake kikubwa cha wasifu wa matabibu. Ali anaeleza kwamba alianza kusoma akiwa na miaka sita, akahamia mjini akiwa na miaka kumi, na alipofika miaka kama 14 akaanza kusomea tiba na falsafa.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Tiba wakati ule ilisomwa kwa kukaa chini ya bingwa, na bingwa alitaka ada. Vitabu vilinakiliwa kwa mkono na bei yake haikuwa ya mtoto wa mwoka mikate. Ali akafanya alichoweza. Aliketi kando ya njia akiwapigia watu ramli za nyota kwa ujira mdogo, akafundisha wengine kidogo alichokuwa nacho, akatibu hapa na pale, na chochote alichopata akakigeuza kuwa kitabu. Aliwasoma Bukrati na Jalinus, wale mabingwa wa tiba wa Wayunani, katika tafsiri za Kiarabu zilizofanywa Baghdad zaidi ya karne moja kabla yake. Hakuwa na wa kumshika mkono. Alisoma, akakwama, akarudia.

Mji aliokuwa akisomea haukuwa mji wa hivi hivi. Misri ilikuwa chini ya Makhalifa wa Kifatimi, na mwaka mmoja tu kabla ya nyota ile, mwaka 1005, Khalifa Al-Hakim alifungua Cairo nyumba ya elimu, Dar al-Ilm, yenye vitabu, wino na karatasi kwa waliofika kusoma. Katika zama hizo hizo bingwa wa falaki Ibn Yunus alikuwa bado hai, akitengeneza majedwali ya mwendo wa jua na mwezi yaliyobeba jina la Al-Hakim. Kwa hiyo elimu ilikuwepo mjini. Tofauti, kama kawaida, ilikuwa ni nani anayeketi karibu nayo.

Sasa turudi kwenye nyota yenyewe. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari ni tabibu mkubwa, Ali aliandika sherehe ya kitabu cha Batlimus kiitwacho Makala Nne, kitabu cha unajimu. Alipofika mahali Batlimus anapozungumzia mambo ya ajabu yatokeayo mbinguni, akasimama na kueleza alichokiona kwa macho yake alipokuwa anaanza masomo. Hakuridhika kusema tu kwamba aliona nyota kubwa. Alisema ilitokea katika buruji ya Akarabu, daraja ya 15, wakati Jua liko daraja ya 15 ya Thauri, yaani upande wa pili wa mbingu. Alisema ukubwa wake ulikuwa mara mbili na nusu hadi tatu ya Zuhura, na nuru yake ilizidi kidogo robo ya nuru ya mwezi. Akataja mahali pa Mwezi na pa sayari nyingine. Akaeleza kwamba iliendelea kuonekana hadi Jua lilipofika Sumbula, ndipo ikatoweka.

Mtu anayejua hesabu za buruji, kama walivyozijua wazee wetu wa falaki hapa Lamu na Mombasa, ataona mara moja uzito wa maneno hayo. Jua likiwa katikati ya Thauri, tarehe inajulikana. Sayari zikitajwa mahali pake, tarehe inathibitika. Mtu wa karne yoyote, wa dini yoyote, anaweza kurudi nyuma kwa hesabu akaufikia usiku ule ule.

Hakuwa peke yake. Waandishi wa Yemen waliitaja nyota ile tangu katikati ya Rajab, siku kadhaa kabla ya habari za Misri. Ibn Sina, ambaye kila mtu anamjua kwa tiba, ameitaja nyota ya namna hiyo katika kitabu chake Ash-Shifa. Watawa wa St. Gallen huko Uswisi waliiona chini kabisa kusini, juu ya milima yao. Wachina na Wajapani waliiandika pia, na mnajimu wa mfalme wa China, Zhou Keming, aliwatuliza watu kwa kuwaambia ni ishara ya neema.

Na hapa kwetu? Wakati ule Shanga, kisiwani Pate, ulikuwa mji wa Waislamu wenye msikiti, na majahazi yalikuwa yakienda na kurudi na pepo za kaskazi na kusi. Nyota ile ilikuwa ya upande wa kusini. Cairo ilipanda kama robo tu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Kwetu Pwani ilipita juu zaidi ya nusu ya njia hiyo. Ilikuwa mwezi wa masika, lakini usiku mawingu yalipofunguka, wavuvi na manahodha wa pwani hii walikuwa na nafasi bora ya kuiona kuliko yule kijana wa Giza. Yeye ndiye aliyeandika, na leo yeye ndiye anayetajwa.

Kuna jambo lazima tuliseme waziwazi. Maana aliyoipa Ali nyota ile haikuwa sahihi. Alikuwa mtu wa unajimu, na aliihusisha nyota na ukame, njaa na misiba iliyowapata watu baadaye. Sisi tumefundishwa na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, siku jua lilipopatwa baada ya kufariki mwanawe Ibrahim, kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kuzaliwa mtu. Funzo hilo linatosha pia kwa nyota. Lakini tazama uadilifu wa Ali. Kile alichokiona na kile alichokidhani hakuvichanganya. Aliweka kwanza mahali, tarehe na mwangaza, kisha tafsiri yake. Tafsiri imekufa, na vipimo bado viko hai.

Ilikuwa nini basi? Wataalamu wa leo wanatueleza kwamba nyota nyingi haziko peke yake kama Jua letu. Ziko mbili mbili, zikizungukana kama watoto walioshikana mikono. Mara nyingine mmoja wa pacha hao huwa ni nyota iliyokwisha kuzeeka, ikasinyaa ikawa ndogo kama dunia huku uzito wake ukikaribia wa Jua. Huitwa kibete cheupe. Kibete hicho humvuta mwenzake na kumnyonya gesi. Gesi ikirundikana juu yake huwaka ghafla, na nyota iliyokuwa haionekani ikaonekana kwa macho. Huo ndio mlipuko wa nova. Kibete chenyewe hubaki salama, kikaanza kunyonya upya. Iko nyota ya namna hiyo katika kundi la Taji la Kaskazini ambayo iling'aa mwaka 1866 na tena mwaka 1946, na wataalamu wanaisubiri irudie.

Ya mwaka 1006 ilikuwa kubwa kuliko hiyo, ilikuwa supanova. Hapo kibete cheupe hakiwaki juu juu tu, huripuka chote na kutawanyika. Hutokea kikilemewa na uzito wa kile kilichomnyonya mwenzake, au vibete viwili vikigongana na kuungana. Mwaka 2012 wataalamu walichapisha matokeo ya kumtafuta yule mwenza wa nyota ya 1006 katikati ya masalia yake. Hawakumpata, na kwa hiyo wengi wanaona huenda vilikuwa vibete viwili vilivyomalizana. Mahali penyewe pako umbali wa kama miaka 7,000 ya mwanga, maana yake mlipuko ulikuwa umeshatokea maelfu ya miaka kabla Ali hajazaliwa. Kilichomfikia ni nuru tu. Hakuna nyota nyingine katika historia iliyoandikwa ambayo iling'aa kuliko hiyo, ukiliondoa Jua.

Kijana yule alikua. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipofika miaka 32 jina lake lilikuwa limeshaenea, na tiba ikaanza kumlisha na kumbakishia. Watawala wa Kifatimi wakamfanya mkuu wa matabibu wa Misri. Alijiwekea utaratibu wa siku: kutembea kwa miguu kwenda kwa wagonjwa ndiyo mazoezi yake, kisha mapumziko, chakula cha kuhifadhi afya, kuangalia mambo ya nyumba, na muda uliobaki ni wa ibada na kusoma. Alivaa nguo safi na kujitia manukato. Vitabu alivyobaki navyo karibu yake havikuwa vingi: vichache vya fasihi, vichache vya sheria ya dini, na vile vya mabingwa wa tiba na hekima. Vingine aliviuza au kuvifungia sandukuni. Mtu aliyeteseka kupata vitabu alijua kipi cha kushika.

Kitabu chake ninachokipenda ni kile cha kuzuia maradhi katika ardhi ya Misri. Alikiandika kumjibu tabibu wa Qayrawan, Ibn al-Jazzar, aliyeandika juu ya afya ya Wamisri bila kuishi nao. Ali akatembea Fustat akiitazama kama alivyoitazama ile nyota. Akaeleza vichochoro vyembamba na nyumba ndefu zinazozuia upepo. Akaeleza jinsi watu walivyotupa paka na mbwa waliokufa njiani hadi wakaoza, maji ya vyoo yanavyoingia mto Nile, nao ndio wanaounywa, na moshi wa matanuri ya hamamu unavyotanda juu ya mji. Akashauri nyumba zipate hewa, na maji yasafishwe kabla ya kunywewa. Ukikisoma kisha ukapita katika baadhi ya mitaa yetu siku ambayo gari la taka halikuja, utadhani tabibu huyu alipita huku juzi.

Hakuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa mkali, na alipenda kuwakosoa waliomtangulia na waliokuwa pamoja naye. Mwaka 1049 hivi alifika Cairo tabibu Mkristo kutoka Baghdad, Ibn Butlan, mtu msomi aliyelelewa na walimu wakubwa. Wakagombana. Mzozo ulianzia kwenye jambo dogo la kuchekesha, iwapo kifaranga cha kuku kina joto la asili kuliko kinda la ndege, ukaishia kwenye jambo kubwa: je, elimu ya kweli huchukuliwa kwa mwalimu au kwenye kitabu?

Ibn Butlan alishikilia kwamba kitabu hakijibu swali, hakikusahihishi matamshi wala hakikuzuii ukipotea, na mwanafunzi asiye na mwalimu hubaki na makosa asiyoyajua. Ali alishikilia kwamba kitabu cha bingwa ni bora kuliko mwalimu dhaifu, naye mwenyewe ndiye ushahidi. Hapo palikuwa na donda. Mmoja alikuwa amefundishwa, mwingine alikuwa amekosa wa kumfundisha, na kila mmoja alitetea maisha yake. Matusi yakafuata. Ibn Butlan alimcheka kwa weusi wake na sura yake, akampachika lakabu ya mamba wa majini. Ali akaandika kwamba uzuri wa uso si sharti la utabibu, kisha akawahimiza matabibu wa Misri wamsuse mgeni. Ibn Butlan akaondoka baada ya miaka kama mitatu, akaelekea Konstantinopoli.

Na hapa Mwenyezi Mungu ana ajabu zake. Mwaka 446 Hijria, yaani 1054, ikatokea nyota nyingine mpya, safari hii katika buruji ya Jauza. Ni ile ambayo masalia yake leo huitwa Nebula ya Kaa. Aliyeiandika kwa Kiarabu, akiihusisha na tauni iliyoua maelfu kwa maelfu huko Konstantinopoli, ni yule yule Ibn Butlan. Maadui wawili walioshindwa kukaa mji mmoja, kila mmoja aliachia dunia nyota yake.

Miaka ya mwisho ya Ali ilikuwa ya huzuni. Katika njaa kubwa iliyoipiga Misri miaka hiyo, alimchukua msichana yatima akamlea nyumbani kwake. Siku moja alimwacha peke yake ndani, na msichana akazoa dhahabu na vitu vya thamani, akatokomea asionekane tena. Ibn Abi Usaybi'a anasema tangu hapo akili ya Ali haikurudi kama ilivyokuwa. Mali aliyoichuma tangu utoto wa mkate wa kupima iliondoka kwa siku moja, na aliyeondoka nayo ni yule aliyemhurumia. Alifariki Misri mnamo mwaka 1061. Nyumba yake katika mji mkongwe ilikuwa bado inaonyeshwa kwa wapitao karne mbili baadaye.

Vitabu vyake vilisafiri mbali kuliko yeye. Sherehe yake ya kitabu cha Jalinus ilitafsiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona huko Hispania, ikasomeshwa katika vyuo vya tiba vya Ulaya. Sherehe ya Batlimus, ile yenye habari ya nyota, ikapigwa chapa Venice mwaka 1493. Kisha mwaka 1965 mtaalamu Bernard Goldstein akayarudia maelezo yale kwa makini na kuonyesha kwamba yanaelezea supanova. Mwaka ule ule, darubini ya redio ya Parkes huko Australia ikatumika kuyatambua masalia ya mlipuko, duara hafifu lenye upana wa mwezi mpevu ukilitazama kutoka duniani. Mtoto wa mwoka mikate alikuwa ameonyesha kwa kidole, na miaka 959 baadaye dunia ikatazama alipoonyesha.

Ninajifunza nini? Kwanza, katika ule ugomvi wa wawili, simpi mmoja ushindi wote. Ibn Butlan alisema kweli kwamba mwalimu ni rehema. Kama Ali angepata mwalimu mwema utotoni, huenda angeepuka baadhi ya makosa na ukali wake. Lakini mwalimu akikosekana, Ali ametuonyesha kwamba mlango haujafungwa. Mwanao aliyekosa kujiunga na chuo kwa sababu ya karo asiambiwe amekwisha. Mtafutie kitabu, mtafutie maktaba, mpe saa moja ya utulivu nyumbani. Na sisi tuliopata vyeti vyetu tusiwadharau waliosoma wenyewe.

Pili, tuandike. Tuna wazee wanaojua nyota za kusafiria, wanaojua mwaka wa Kiswahili na siku zake, wanaojua kusi inaingia lini na samaki gani hufuata. Kila jeneza tunalolisindikiza linaondoka na kitabu ambacho hakikuandikwa. Chukua daftari, au hiyo simu iliyo mkononi mwako, ukae na babu yako. Andika tarehe, andika mahali, andika alichokiona, na dhana zako ziweke pembeni kama alivyofanya Ali.

Manahodha wetu walikuwa na nafasi ya kuiona nyota ile, tena juu zaidi kuliko alivyoiona yeye. Wajukuu wetu wasije wakalazimika kwenda Cairo na Venice kutafuta kilichopita juu ya mapaa ya nyumba zetu wenyewe.

Wallahu a'lam.